Kiboko Aliyesema Nataka

Vijana wangu wa karakana,

Juzi mlimtuma Mwanaidi aje kuniuliza, kwa upole kama mtu aliyebeba mayai, Bibi Somoe anataka zawadi gani ya kustaafu. Nasikia wengine mnasema seti ya makochi, wengine televisheni kubwa ya ukutani, na Issa, ambaye hajui hata mlango wa chumba changu unafungukia upande gani, amesema friji. Jibu ninalo. Ila hilo neno "unataka" lilishaniponza mbele ya mji mzima, kwa hiyo nivumilieni niwaeleze kwanza, halafu nitajibu.

Kiboko wa njia panda mnamjua wote. Wengi wenu mnapita chini ya taya lake kila asubuhi na hamgeuzi shingo. Mliokuja karibuni mnadhani alikuwepo tangu zamani na kwamba maneno yaliyo ubavuni mwake ndiyo aliyozaliwa nayo. Hakuzaliwa nayo. Na ilibaki kidogo sana akatwe vipande, aende na gari la chuma chakavu.

Lakini siwezi kuanza na kiboko kabla ya kuanza na Fundi Likwata, maana bila yeye mimi ningekuwa bado nakaanga mihogo.

Kweli kabisa, nilikuwa nakaanga mihogo. Nilikaa na karai langu nje ya geti hili hili la karakana, hapa Rahaleo, nawauzia mafundi na makuli wa bandarini. Fundi Likwata ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Mtu wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma, mtoto wa mchonga vinyago. Mpingo aliukimbia, akisema unamchelewesha, akashika chuma. Siku moja aliegemeza dirisha la nondo ukutani, nikamwambia, "Fundi, dirisha lako limelala upande."

"Wewe geuza mihogo," akasema.

Nikageuza mihogo. Baada ya kitambo nikamwona anatoka na pima maji, analiweka juu ya dirisha, analitazama, anakuna kichwa. Akaja mpaka kwenye karai.

"Somoe, zima huo moto, uje unishikie."

Nikaenda kumshikia, na sikuachia mpaka mwaka huu. Watu walisema mengi juu ya mwanamke kuvaa ovaroli, na mama yangu ndiye aliyesema zaidi ya wote. Fundi hakuwahi kunitetea kwa maneno. Alichofanya ni kunipa kazi ngumu kila siku na kunigombeza nikikosea, sawasawa na alivyowagombeza wanaume, na kwangu hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko hotuba. Namshukuru mpaka leo.

Kitu kimoja tu nilimshinda, nacho ni kuvaa kinga ya uso. Yeye alikuwa wa kizazi cha kupiga pointi, yaani kushikiza chuma kwa cheche moja, kwa kufumba jicho moja. Alikuwa anasema kinga inamfanya asione kazi. Jioni anaweka majani ya chai yaliyopoa juu ya macho, kesho yake anarudia. Mnaponiona nawafokea mkiinua kinga ili mkisie mahali pa kuchomelea, msidhani ni uzee. Nilimwona mtu aliyekuwa anaona unywele ndani ya chuma akifika mahali pa kuniuliza kama taa zimewashwa.

Sasa, hii kazi ya sanamu ilianzaje. Haikuanza na sanaa, ilianza na ubishi wa mahali pa kuweka takataka.

Karakana yetu ilikuwa inaijua mikoba ya watu. Msimu wa korosho ukifunguka na wakulima wakishika hela, mji unachangamka, malori yanapanga foleni kwenda bandarini, na maduka yanajaa mpaka barazani. Watu wanashuka kutoka vijijini, wanarudi na feni, redio, magodoro, ndoo za rangi zote. Masika yakianza, vitu vile vile vinaletwa kwetu vimevunjika. Feni imekufa, kitanda kimekatika mguu, friji limegeuzwa kabati na mlango wake umeng'oka. Tunatengeneza tunachoweza. Tusichokiweza, mwenyewe anatuachia, anaondoka, na msimu ukirudi ananunua kingine. Ua wetu ulikuwa umejaa hata mlango wa choo haufunguki vizuri.

Fundi akachoka. Siku moja akachukua mapanga ya feni na makopo, akaunda kanga. Ndege, si nguo. Mwalimu mmoja akampenda, akamweka kwenye geti la shule yake. Halafu tukaunda kaa wa madumu kwa ajili ya nyumba ya wageni kule Mikindani. Ndipo watu wa manispaa wakaja wakasema wanataka kitu kikubwa cha kuwekwa njia panda ya kuelekea sokoni, kitu kitakachowafanya watu wafikirie taka zao. Wao walikuwa wanafikiria samaki. Fundi akasema hapana, kiboko.

"Kwa nini kiboko?" wakauliza.

"Kwetu Kitaya kiboko akitoka mtoni usiku kuingia shamba la mpunga, anachokula ni kidogo. Anachokanyaga ndicho kinachotutoa machozi. Nyinyi mnataka watu wafikirie taka au wafikirie kitoweo?"

Wakakubali kiboko.

Vifaa tulivyopungukiwa tulivipata kwa Mzee Gulam wa Mikindani. Ukoo wake wa Kihindi umekaa pale dukani tangu enzi za babu yake, na kila ndoo ya plastiki iliyowahi kupasuka Mtwara nadhani ilipitia mikononi mwake ikiwa mpya. Nilipomwomba vyuma vya rafu za zamani na madumu yaliyotoboka, alicheka hadi akakohoa.

"Yaani bibie, mimi niuze, watu wavunje, halafu wewe uje uniombe mavunjiko unisimange nayo njia panda?"

"Ndiyo, Mzee."

"Chukua. Lakini sharti moja. Msimtie macho. Mimi mtu wa sala, sitaki kuchangia kiumbe kilichokamilika halafu kesho niulizwe pumzi yake iko wapi."

Tukakubali, na ndiyo maana kiboko wetu hana macho. Kila mwaka kuna mgeni anayenieleza maana kubwa ya kutokuwa na macho, kwamba ulafi hauoni na nini na nini. Namwachia aendelee. Ukweli ni kwamba tulimheshimu mtu aliyetupa madumu.

Mifupa ya nondo yote aliifunga Fundi mwenyewe. Nilimtazama akipapasa kila kiungo kwa dole gumba kabla ya kuchomelea, na nikajua anafanya hivyo kwa kuwa haoni vizuri, naye alijua kuwa nimejua. Mifupa ilipokwisha akaweka mashine chini.

"Somoe, mimi narudi Kitaya. Ngozi malizia wewe. Akisimama, nitakuja kumgusa."

Hakusema kumwona. Alisema kumgusa. Nililia siku hiyo, nikajisingizia moshi.

Nikamalizia. Mgongo ni milango ya mafriji, meno ni madumu meupe ya mafuta ya kula, ulimi ni ndala nyekundu zilizokatika, na tumbo ni wavu uliojazwa chupa za soda na maji. Hapa pana somo la kazi, lishikeni. Chupa zioshwe. Mara ya kwanza sikuosha, nikasema chupa ni chupa. Siku ya pili sisimizi, siku ya nne nyuki. Nyuki walihamia tumboni mwa kiboko, na kwa muda akawa ananguruma kama wa kweli. Tuliwatoa kwa moshi nikiwa nimejitanda kanga mpaka puani. Jambo lingine, kila sanamu ya nje itobolewe tundu chini, mahali palipoinama kuliko pote, maji yatoke. Na upepo wetu huu wa chumvi hauheshimu rangi iliyopakwa juu ya kutu. Kwangua kwa brashi ya chuma mpaka chuma king'ae, ndipo upake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo upake rangi unayotaka wewe.

Basi, likabaki neno. Manispaa walitaka maandishi. Nikawaza wiki nzima, nikapata neno moja tu ambalo niliona hakuna aliyewahi kulipata mbele yangu: TAKA. Soma utakavyo. Ni taka za jalalani, na ni taka ya kutaka. Unachokitaka leo ndicho taka ya kesho. Herufi nne tu. Nilijiona msomi. Nilimpigia Fundi simu Kitaya, nikamweleza.

"Zuri," akasema. "Ila watu watasoma moja."

"Watasoma zote mbili."

"Haya. Nnungu akusaidie," akasema, akimtaja Mungu kwa Kimakonde kama alivyofanya akiona mtu anajitakia mwenyewe.

Tukamsimika kiboko. Hotuba zikasomwa, watoto wakapanda mgongoni, wakapiga picha. Mimi nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi ya tatu nilikuta maganda ya mihogo miguuni pake. Nikayazoa. Kesho yake makopo, mifuko, kiatu kimoja na godoro nusu. Nikaona mama mmoja anakuja na ndoo kichwani, anasimama mbele ya kiboko, anasoma, anaitua na kumwaga.

"Mama, mbona unamwaga hapa?"

Akanitazama kwa mshangao wa haki kabisa. "Si mmeandika taka?"

Mnacheka. Chekeni, nami nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Nilikuwa nimetia kibao cha jalala katikati ya mji, tena kwa chuma kisichofutika.

Nikarudi karakana kwa hasira, nikakata herufi mbili, nikaziongeza mbele. Sasa likawa NATAKA. Nikajisemea sasa wataelewa, hii ni sauti ya mlafi, huyu ni sisi wenyewe tunavyosema kila siku tukipita madukani. Wakaelewa kwa namna yao. Kwa kuwa kiboko amesema mwenyewe kuwa anataka, watu wakampa. Walikuwa wanaleta na wa mitaa ya mbali. Kuna kijana alimtupia mfuko mdomoni kutoka kwenye baiskeli bila kusimama, akapaza sauti, "Haya kula, bwana mkubwa." Ikafika mahali kiboko haonekani miguu.

Bwana afya akaja karakana. Hakuwa mtu mbaya, na aliona aibu kunieleza.

"Bibi Somoe, mimi mwenyewe mwanangu anampenda yule kiboko. Lakini harufu imefika sokoni. Wameshaamua. Ijumaa linakuja gari la chuma chakavu."

Na wiki hiyo hiyo, kabla sijapata hata mahali pa kukaa na kuwaza, simu ikaita. Alikuwa mpwa wa Fundi Likwata. Mzee anakuja mjini kupimwa macho, atafikia kwangu. Na amesema, macho ni kisingizio, anakuja kumgusa kiboko wake.

Sijui kama mmewahi kuogopa kumpokea mtu mnayempenda. Mimi niliogopa. Mtu huyu alikuwa amenitoa kwenye karai akanipa ufundi na maisha, na mimi kazi yake ya mwisho niliigeuza jalala. Ningempeleka akagusa nini? Nepi? Na nisipompeleka, Ijumaa ikipita hakutakuwa na cha kugusa.

Alifika mchana, amekonda, amevaa kofia yake ile ile. Daktari alikuwa ameshasema lake asubuhi, na halikuwa la matumaini. Nikampikia ming'oko, vile viazi vya porini alivyovipenda, na ugali wa muhogo, na samaki wa kuchoma. Nilipika vya watu sita. Nilikuwa nafanya kama tunavyofanya wote tukiwa na jambo tusiloweza kulisema, yaani kumshindilia mgeni chakula. Akimaliza samaki naweka mwingine. Akipunguza ugali najazia.

"Ongeza kidogo, Mzee."

"Inatosha, mwanangu."

"Kidogo tu. Huyu samaki atalala na nani?"

Akaweka kiganja chake juu ya sahani, kama tulivyofundishwa sote. "Nimeshiba, Somoe. Alhamdulillahi."

Upawa wangu ukasimama hewani. Mnajua wenyewe. Mtu akisema inatosha, unamwongezea. Akisema sitaki, unamwongezea na kumlaumu juu. Lakini akiweka mkono juu ya sahani akasema nimeshiba na akamshukuru Mungu, basi imekwisha. Hata mama yangu, aliyekuwa hodari wa kulisha watu kwa nguvu, alikuwa akirudisha upawa chunguni.

Nikamwambia yote pale pale, upawa ukiwa mkononi. Taka, nataka, ndoo, nepi, Ijumaa. Nilitegemea asikitike. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Nilikwambia watasoma moja," akasema. "Sasa unangoja nini? Tukachomelee."

Nilimwendea bwana afya nikamwomba aniachie kiboko mpaka Jumatatu, bila kumweleza sababu, maana kila nilipoeleza neno kwa watu wa ofisini liliharibika. Akaniambia atasema gari limeharibika. Kisha Issa na Mwanaidi, mnakumbuka, tuliingia na majembe na wale akina mama wanaofagia barabara, tukazoa mpaka tukaviona vidole vya kiboko. Wale akina mama walizoa kuliko sisi, tena huku wananitania kuhusu usomi wangu. Sijapata kuwashukuru inavyotosha.

Herufi tulizikata karakana. N na A tulizitumia tena, T tukaikata mikono ikawa I. Nilizilaza kifudifudi, nikaweka bapa la chuma juu ya migongo yake ili nichomelee kwa nyuma, mbele pabaki pasafi. Fundi alikaa kwenye kigoda akisikiliza mlio wa cheche, na mlio ukiyumba anasema, "Mkono unakimbia." Nilipomaliza tukageuza bapa, nikamwongoza vidole vyake vikapita herufi moja moja. Vikafika katikati, vikarudi.

"Somoe, huyu nyoka anatazama wapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimezigeuza herufi zote isipokuwa S. Ilikuwa imekaa kinyume, na sisi wote wenye macho tulikuwa tumeisifu kazi. Tukaikata, tukaigeuza. Unapochomelea kwa nyuma, S ndiyo itakayokudanganya, muikumbuke.

Jumapili tukalifunga ubavuni: NIMESHIBA. Nikamshika Fundi mkono nikamzungusha. Akagusa meno, akagusa ulimi wa ndala akatabasamu, akapapasa mifupa yake ya nondo chini ya wavu, kiungo kwa kiungo, kama mtu anayehakikisha watoto wake wote wamerudi nyumbani. Akafika kwenye maandishi, akayasoma kwa vidole mpaka mwisho. Akafungua kiganja chake chote, akakiweka juu ya lile neno, akakiacha hapo.

Tulikuwa bado tumesimama pale yule mama wa ndoo alipofika. Akaitua ndoo, akasoma. Akasoma tena.

"Ameshiba?" akaniuliza.

"Ameshiba, mama."

Akamtazama kiboko, akacheka peke yake, akaguna, akajitwika ndoo yake. "Basi," akasema, "aliyeshiba halazimishwi." Akaenda nayo mpaka kizimba cha taka, kule nyuma ya soko, mwendo wote ule.

Sisemi mji ulisafika. Hata leo asubuhi nimeokota chupa mbili chini ya taya. Lakini lile lundo halikurudi, na gari la chuma chakavu halikuja. Bwana afya bado hupita na mwanawe.

Fundi Likwata alirudi Kitaya, akaishi huko misimu kadhaa ya mpunga, halafu akapumzika. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, aliniuliza kitu kimoja tu, kama kiboko bado anasema. Nikamwambia bado. Akasema ahsante, mimi niliyepaswa kusema hivyo.

Sasa nijibu swali lenu. Nilipata ufundi bila kuuomba. Nilipata fundi aliyenigombeza kwa haki. Nimewapata ninyi, mnaoniita bibi na kuniibia vijiti vya kuchomelea. Macho yangu bado yanaona. Makochi ninayo mawili, na nakalia moja.

Kila masika yakiisha, nendeni na brashi ya chuma, mkwangue lile neno mpaka ling'ae, mlipake rangi upya. Hela za friji rudishianeni.

Mwanaidi, waambie wenzako kwamba umenikuta nimeweka mkono juu ya sahani.